Ngoma Isiyolia

Ukiteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, barabara haikuachi usahau kwamba uko mlimani. Upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo, kona moja inakukabidhi kwa nyingine, na watoto wenye beseni za matunda wamesimama palepale ambapo dereva hapaswi kuangalia pembeni. Nilikuwa na Toyota Probox yangu, shangazi zangu wawili nyuma, gunia la viazi na ndoo za matunda ambazo zilikwisha kupangiwa mgawo kabla hatujaondoka. Tulipokaribia Soni nikakanyaga breki, pedali ikashuka zaidi ya nilivyoizoea. Nikakanyaga mara ya pili, ikapanda. Nikajiambia ni kiatu changu kimeteleza. Kona mbili mbele harufu ikaingia dirishani, na shangazi mkubwa akauliza ni nani huko nje anachoma mpira.

Hakukuwa na mtu anayechoma mpira.

Soni tuliingia kwa gia nzito, taratibu kama msafara wa harusi. Fundi tuliyeelekezwa alikuwa mzee mwenye koti la mvua lililokatwa mikono, gereji yake ni uwanja mdogo wenye kivuli cha mti. "Shikamoo, mzee," nikamwambia. "Marahaba, mwanangu. Zimekukimbia?" Hakuitaja breki kwa jina. Akaweka mawe mbele na nyuma ya matairi ya mbele, akanyanyua nyuma kwa jeki, akaliegemeza gari juu ya gogo nene asitegemee jeki peke yake, akashusha hendibreki na kuvua tairi. Kisha akaenda kwenye kopo lake la maziwa ya unga akatoa bolti mbili za spana 12. Kwenye uso wa ngoma ya breki ya Toyota kuna matundu mawili madogo yaliyochongwa hesi, ambayo wengi huyaona na kudhani ni ya kupunguzia uzito. Akaingiza bolti zake humo, akawa anakaza hii kidogo na ile kidogo, na ngoma ikajisukuma yenyewe kutoka mahali ilipokuwa imeganda. Hakuigonga nyundo hata mara moja.

"Mara ya mwisho hizi zilifunguliwa lini?" akauliza.

Nikamjibu kwa kujiamini kwamba gari lilifanyiwa sevisi wiki tatu zilizopita.

"Sevisi ya oili," akasema. Wala halikuwa swali.

Upande wa kushoto silinda ndogo ya gurudumu ilikuwa imevuja, raba zake zimechoka, na oili ya breki imelowesha ule ukanda mgumu tunaouita lainingi mpaka ukang'aa kama sufuria iliyopakwa mafuta. Upande wa kulia ulikuwa mkavu, ila lainingi ya kiatu kimoja ilibaki nyembamba kama ukucha. Kile kigurudumu chenye meno ambacho kazi yake ni kukifuata kiatu kinavyolika kilikuwa kimeganda kwa kutu pande zote mbili. Kwa lugha nyingine, nilikuwa nimewateremsha shangazi zangu mlimani kwa breki za mbele peke yake, na hizo za mbele zilikwisha kuchemka.

Nimekuwa nikilifikiria lile jibu la mzee tangu siku hiyo. Neno sevisi limeingia katika Kiswahili chetu likakaa kama mwenyeji, lakini maana yake imefinywa ikabaki oili na filta. Mtu atakutajia kilomita za sevisi yake ijayo kwa kichwa, atakutajia na aina ya oili, halafu ukimuuliza ngoma za nyuma zilifunguliwa lini anakutazama kama umemuuliza siku ya kuzaliwa ya babu yake. Tumezoea kulaumu spea bandia, na mafundi wanaokisia, na barabara. Vyote hivyo vipo. Ila kwa maoni yangu breki zetu za nyuma zinakufa kwa sababu nyepesi zaidi: hakuna anayelipwa kuziangalia.

Jina lenyewe ni zuri. Ngoma. Ni bakuli la chuma kizito linalozunguka pamoja na gurudumu, na ndani yake vimekaa viatu viwili vyenye umbo la mwezi mwandamo, migongo yao ikiutazama ukuta wa bakuli. Ukikanyaga pedali, oili inasukumwa kutoka masta silinda hadi kwenye silinda ndogo iliyo juu kati ya viatu, nayo inavitanua vikashike ukuta. Ukiachia, springi zinavirudisha. Uzuri wa mpango huu uko kwenye kiatu cha mbele: ngoma inapozunguka hukivuta kijichimbie zaidi ukutani, kama kabari chini ya mlango unaosukumwa. Mguu wako unaomba kidogo, gurudumu linajiongezea lenyewe. Ndiyo maana magari yalisimama kwa nguvu za mguu wa binadamu kabla hayajapata msaada wa bustari, na ndiyo maana pia kiatu hicho cha mbele hulika haraka kuliko mwenzake. Ukikuta vimelika tofauti usishtuke. Ukikuta kimelika upande mmoja wa gari kuliko upande wa pili, hapo shtuka.

Louis Renault wa Ufaransa anatajwa kuipa breki hii sura yake ya leo mwaka 1902. Ila mimi humpenda zaidi Mwingereza Herbert Frood, ambaye inasimuliwa kwamba aliwaona wenye mikokoteni katika vilima vya Derbyshire wakipigilia viatu vikuukuu vya ngozi kwenye magogo ya breki zao ili yashike vizuri. Mwaka 1897 akaanza biashara ya vitu vya kushikisha breki, na baadaye akazungusha herufi za jina lake, akaongeza moja ya jina la mkewe Elizabeth, ikazaliwa Ferodo. Kwa hiyo fundi anapokwambia viatu vimekwisha, kuna mzee wa Kiingereza mahali fulani aliyewahi kuvua cha kwake akakipigilia misumari.

Wahenga walituachia kwamba ngoma ivumayo haidumu. Hii yetu ya chini ya gari imeukataa usemi huo. Breki za diski, zile za mbele, ndizo zenye adabu ya kulia: pedi nyingi zimefungwa kibati chembamba cha chuma ambacho lainingi ikikaribia kwisha hugusa diski na kupiga kelele ya kukera, mpaka majirani wakushauri uende gereji. Tena diski iko wazi. Ukiinama na tochi ya simu unaona pedi imebaki kiasi gani. Ngoma imefunikwa. Haina kibati cha kulia. Na kile kigurudumu chenye meno, nyota ya kujirekebisha, ikiwa nzima, ndiyo inayomalizia kuficha: kila lainingi inapopungua, nyota inasogea jino moja, viatu vinabaki karibu na ukuta, pedali inabaki palepale ilipokuwa siku gari linashuka melini. Dereva hana habari. Anaweza kwenda hivyo hadi chuma kiguse chuma. Nyota yangu iliyoganda, ambayo nilitaka kuitukana pale Soni, kumbe ndiyo iliyoniambia ukweli: pedali ilizama kwa sababu viatu vilikuwa mbali na hakuna aliyevisogeza. Kukanyaga mara mbili ndipo ipande ni lugha ya ngoma iliyolegea. Nilikuwa nimeisikia lugha hiyo kwa miezi na kuiita tabia ya gari.

Lipo jambo jingine linaloisaidia kujificha. Gari likifunga breki, uzito wake unainama mbele, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya kazi. Viatu vya nyuma vinalika taratibu. Vinaweza kudumu kuliko umiliki wa mtu mmoja, na hapo ndipo balaa linapoanza. Toyota IST imetoka Japani, imetumiwa na mwalimu miaka minne, ikauzwa kwa kijana wa teksi ya mtandao, ikauzwa tena kwa mama mwenye duka. Kila mmoja anaamini aliyemtangulia alibadilisha. Kenya hawapokei gari la mtumba lililozidi miaka 8, na nina hakika waliotunga kanuni hiyo walikuwa na sababu zao, lakini lainingi haijui kalenda. Gari la miaka 6 lililokuwa likipanda na kushuka milima linaweza kuwa na viatu vilivyokwisha, na la miaka 15 la mstaafu wa tambarare likawa na viatu vizima. Njia ya uhakika ya kujua ni kuvua.

Na hatuvui. Nimepitisha magari kwenye ukaguzi wa aina nyingi, na nimeulizwa pembetatu, kizima moto, honi, waipa, hata sanduku la huduma ya kwanza lenye bandeji zilizopauka. Tairi langu halijawahi kuvuliwa. Mahali penye mashine ya roli za kupimia breki ni afadhali, maana roli itakuambia gurudumu la kushoto linashika nusu ya la kulia, na hilo peke yake lingenikamata mimi kabla ya mlima kunikamata. Lakini hata roli haikuambii imebaki milimita ngapi. Breki yenye lainingi ya mwezi mmoja inaweza kushika leo vizuri kabisa.

Sasa tufike kwa fundi, maana ndiye anayebebeshwa lawama. Ukimpelekea gari na kumwambia "niangalizie breki", umemwambia afanye kazi ya saa moja na nusu bila malipo. Atanyanyua gari, atavua matairi mawili, atahangaika na ngoma iliyoganda, atasafisha, atatazama, atarudisha. Akikuambia ni nzima, utamwambia "haya, asante fundi", labda umwachie ya soda. Akikuambia zimekwisha, utampa hela ya spea, ataenda dukani, muuzaji atamtolea cha juu chake, na mwisho utamlipa ufundi. Mwenye akili timamu na watoto watatu shuleni, katika mpango huo, atakuambia nini? Halafu tunashangaa kwamba mafundi wanapenda kubadilisha. Tumewafundisha sisi. Jicho la fundi ndilo kitu cha thamani kuliko vyote alivyonavyo, na ndicho kitu pekee katika gereji kisichokuwa na bei.

Matokeo yake yana pande mbili, na zote ni hasara. Wengine wanabadilishiwa viatu vizima. Wengi zaidi, nadhani, hawafunguliwi kabisa, kwa sababu fundi hataki kazi ya bure na mwenye gari hataki kulipia habari njema.

Kwenye daladala mambo yana uzito mwingine, kwa kuwa pale kuna hesabu. Dereva wa Hiace anadaiwa na bosi kiasi chake kila jioni, gari liwe limetembea au limelala. Saa za kufungua ngoma asubuhi ni tripu ambazo hazitarudi, na hesabu haipungui. Kwa hiyo anaendesha kwa kupampu: pedali mara mbili, mara tatu, hendibreki kidogo kituoni. Nimekaa kiti cha mbele nikamwona dereva akifanya hivyo kwa ustadi wa mpiga kinanda, na abiria wakimsifu kwa kuwa hana papara. Wamiliki wa vyombo hivi wanajua. Wakitaka, wanaweza kuandika katika mapatano yao nusu siku moja kila mwezi isiyo na hesabu, gari liingie gereji, ngoma zifunguliwe, mmiliki mwenyewe awepo au amtume mtu. Ni nafuu kuliko tairi moja. Sijui kwa nini tunasubiri serikali iwalazimishe watu kulinda mali yao wenyewe.

Malori sitayasemea sana. Yana breki za upepo, na ngoma zake ni kubwa kama sufuria za shughuli, na fizikia yake haina huruma: ngoma ikipata moto inatanuka, inakimbia viatu, na fimbo inayosukuma inaishiwa na mwendo. Anayeteremka Kitonga au Sekenke kwa kukanyaga muda wote badala ya kushika gia nzito anaichoma breki ambayo angeihitaji chini. Anayeteremka fri ili aokoe dizeli, kama ilivyozoeleka miaka mingi kwenye mteremko wa Salgaa kule Kenya, ameamua kuweka maisha ya watu wote barabarani mikononi mwa lainingi ambazo hajaziona.

Joto hilohilo ndilo lililonipata mimi kwa kiasi kidogo. Oili ya breki ina tabia ya kunywa unyevu wa hewa, hata ikiwa imefungwa vizuri, na kwetu pwani unyevu haukosekani. Ile ya DOT 3 ikiwa mpya inapaswa kuhimili angalau nyuzi joto 205 kabla ya kuchemka. Ikishalewa maji, kipimo chake kinashuka hadi 140. Ikichemka inatoa mapovu, na mapovu yanabonyea, na mguu wako unabonyeza mapovu badala ya breki. Kila miaka 2 ibadilishwe, na fundi atoe upepo gurudumu kwa gurudumu. Na kama mtu anakuongezea oili ya injini kwenye kikopo cha breki kwa sababu "oili ni oili", mnyang'anye kopo. Raba zote ndani zitavimba.

Hebu turudi kwa mzee wa Soni, maana kazi yake ilikuwa darasa. Alipotoa ngoma hakupuliza vumbi. Alilimwagia maji kutoka kwenye chupa, taratibu, likachuruzika kama uji mweusi. Nikamuuliza sababu. Akasema wenzake aliojifunza nao ujanani walikuwa wakipuliza kwa mdomo, na baadaye kwa kompresa, na akaishia hapo. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na linaleta saratani miaka mingi baadaye, mtu akiwa amekwisha kusahau spana. Japani iliipiga marufuku kwenye breki mwaka 2004, na ilipofika 2005 Umoja wa Ulaya nao ulikuwa umeipiga marufuku. Lakini lainingi iliyobandikwa kwenye kibanda kisicho na jina, au iliyokuja kwenye boksi lililochapwa herufi zilizopinda, nani atakuambia imetengenezwa kwa nini? Maji ni bure. Kompresa inawapa vumbi hilo fundi, mwanafunzi wake, na mteja aliyeketi kwenye benchi akisubiri.

Halafu akapima. Hakuwa na chombo cha maana. Alikuwa na rula ya shule. Lainingi mpya ya Toyota ndogo nyingi ina unene wa milimita 4, na mwisho wake ni 1. Ngoma nazo zimeandikwa: ukisugua kutu usoni mwake utaona kipenyo cha mwisho kimechongwa kwenye chuma chenyewe, kwa mfano 201 kwa ngoma iliyozaliwa na milimita 200. Milimita moja tu ndiyo ruhusa yote ya maisha yake. Ikizidi hapo, hakuna mkereza atakayeiokoa, hata awe hodari vipi, kwa kuwa ukuta umekuwa mwembamba na hauhimili joto. Yangu ilikuwa na ukingo kidogo pembeni, ule unaofanya ngoma ing'ang'anie viatu isitoke, ila kipimo kilikuwa bado. Akaipitisha msasa.

Kisha akakunjua kidogo vifuniko vya raba kwenye silinda ya gurudumu, pande zote. Hiki ndicho kitendo ambacho ningependa kila mwenye gari akisimamie kwa macho yake. Unyevu mdogo sana ni kawaida. Oili ikichuruzika, silinda imekwisha, na viatu vilivyolowa vimekwisha pia, hata kama vina milimita 3. Watu huviosha kwa petroli, wakavianika juani, wakavirudisha. Vinarudi na mafuta yake moyoni, na siku vikipata moto vinayatoa tena. Mzee alinionyesha viatu vyangu vya kushoto, ambavyo kwa unene vilikuwa vizuri kuliko vya kulia, akavitupa kwanza.

"Hivi ndivyo vingekuua," akasema. "Vile vingine vingekuchelewesha tu."

Spea zilitoka Mombo kwa bodaboda, na hapo nilifanya kosa la pili la siku. Nilitaka kubadilisha upande mmoja, na kiatu kimoja cha mtumba kwa upande wa pili, tufike nyumbani kwanza. Alikataa kabisa, kwa upole wa wazee ambao hauna mlango wa kujadiliana. Ekseli moja, viatu vinne, siku moja; vinginevyo gari litavuta upande ukifunga ghafla, hasa barabara ikiwa na maji. Mimi naye tunatofautiana kuhusu mitumba kwa ujumla, maana nimenunua injini ya mtumba Gerezani na mpaka leo inanguruma vizuri. Lakini kununua kiatu cha mtumba ni kununua kilichokwisha kuliwa na mwingine. Ukiwa dukani, nenda na kile cha zamani mkononi, kiweke mgongo kwa mgongo na kipya: upana, mkunjo, matundu ya springi, yote yalingane. Kagua pale lainingi inapokutana na chuma. Ikiwa imebandikwa, gundi isiwe na mwanya. Ikiwa imepigwa ribiti, vichwa viwe vimezama vya kutosha, kwa kuwa lainingi ikishuka hadi kwenye ribiti, ribiti hizo ndizo zitakazochimba mifereji ndani ya ngoma.

Alivua upande mmoja tu, akamaliza, ndipo akaenda wa pili. Springi za humo zina rangi, urefu na mikono yake, na ule upande ambao haujaguswa ndio kitabu cha kusomea. Vijana siku hizi wanapiga picha kwa simu, ni sawa, ingawa nimeona picha iliyopigwa baada ya springi ya kwanza kuruka chini ya meza ya mama ntilie. Akapaka grisi ya kuhimili joto, kiasi cha kidole, kwenye vituo vya bati la nyuma ambapo viatu vinateleza, akafuta mikono kabla ya kugusa lainingi. Akazitoa kutu nyota mbili kwa brashi ya waya. Akarudisha ngoma, akaizungusha, akaivua, akageuza nyota meno kadhaa, akairudisha, mpaka ikawa inazunguka na kukwaruza kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayefagia chumba cha pili. Akatoa upepo. Tukajaribu kwenye tambarare mbele ya gereji, mwendo wa kutembea kwanza, kisha zaidi kidogo, kisha akanifukuza.

Hendibreki ambayo ilikuwa inapanda milio 12 ndipo ishike ilikamata kwenye wa 7. Hiyo ni habari ambayo ningeweza kuipata nyumbani, nimekaa kwenye kiti, bila spana. Hesabu milio yako leo ukiegesha.

Wapo watakaosema dawa ni kuzitupa ngoma na kuweka diski pande zote, kwamba ngoma ni breki ya masikini. Ni kweli ngoma ni rahisi kutengeneza na hubeba hendibreki bila makuu, na ni kweli diski hupoa haraka na hukauka mara moja baada ya maji. Aliyewahi kupita Jangwani barabara ikiwa imefurika anajua jinsi ngoma zilizolowa zinavyokataa kushika mpaka uzikaushe kwa kukanyaga kidogo kidogo. Lakini Volkswagen, walipotengeneza magari yao ya umeme ya ID.3 na ID.4, waliyawekea ngoma nyuma. Gari la umeme hujizuia kwa mota yake, breki za nyuma hazitumiki sana, na diski isiyotumika huota kutu. Ngoma iliyofunikwa inakaa salama, na vumbi lake linabaki ndani. Kwa hiyo tutakuwa nazo bado wajukuu zetu wakiendesha. Kufunikwa kwake, ambako kule ni sifa, huku kwetu ndiko kulikotuponza.

Mwaka uliofuata, kabla ya safari nyingine ya Lushoto, nilipeleka gari gereji moja hapa Dar nikamwambia kijana afungue ngoma za nyuma.

"Zina shida gani, bosi?"

Nikamwambia hazina shida.

Akamtazama mwenzake. Wakadhani nimesikia mlio ambao siwezi kuueleza, wakanitaka niuigize. Mwishowe wakafungua. Akamwagia maji baada ya mimi kusisitiza, akapima, ikawa milimita 3 pande zote, silinda kavu, nyota zinazunguka. Nikamwomba aandike kwa chaki ndani ya buti: tarehe, kilomita, 3. Akarudisha kila kitu, akanawa mikono kwa petroli, akafungua kitabu chake cha risiti chenye safu ya spea na safu ya ufundi, kalamu ikasimama hewani.

"Sasa bosi, hapa niandike nini? Sijabadilisha kitu."

"Andika: kuangalia."

Akaandika, herufi kubwa, kwa mkono wa mtu aliyemaliza darasa la saba vizuri. Kisha akaisogeza kalamu hadi kwenye safu ya bei, akanitazama.

"Hii huwa ni shilingi ngapi?"